Asili na Maana ya Neno 'Amateur'

Kurasa za mwisho za ripoti ya Chama chetu kwa desturi huwekewa habari za kale, na wanachama wengi walitazamia kwamba mwaka huu tungeandika juu ya visima vya Waso, au juu ya karantini ya ng'ombe iliyoujulisha mji wa Isiolo kwa wafanyabiashara wa mifugo wakati wa Waingereza. Kamati imetuagiza vingine. Imetutaka tueleze neno moja tu la Kiingereza, kwa kuwa neno hilo lilileta ugomvi katika Mkutano Mkuu uliopita, na kwa kuwa aliyelileta mkutanoni, pamoja na tafsiri yake mbaya, ni karani wa Chama, yaani sisi wenyewe.

Waliohudhuria watakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Timu ya mpira ya vijana wetu ilitakiwa kuandikishwa, na fomu ya kuandikishia ilikuwa kwa Kiingereza. Palikuwapo swali kama wachezaji na mwalimu wao ni 'amateur'. Ili wazee waelewe, tulisimama tukalisoma swali hilo kwa Kiswahili cha haraka haraka, tukasema: "Je, wachezaji na mwalimu ni watu wa bure, wasio na utaalamu?" Mkutano ukajibu kwamba ndivyo. Mwalimu wa timu, ambaye amewafundisha vijana wa mji huu tangu baadhi ya wajumbe wa Kamati ya leo walipokuwa wakicheza bila viatu, aliinuka akauliza mara moja tu, "Mimi ni mtu wa bure?" Kijana mmoja akajibu kwa mzaha kwamba mtu akaaye Bula Pesa hawezi kuwa wa bure. Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

Wala hayo hayakuwa yote. Katika mkutano ule ule mwalimu alikuwa ameleta ombi. Hakuomba mshahara. Aliomba arudishiwe nauli ya safari za Nanyuki na Meru, na apewe kitu kidogo kwa siku ambazo huifunga karakana yake ya kutengeneza pikipiki ili aandamane na vijana. Mweka Hazina, kwa nia njema ya kulinda fedha za Chama, alijibu kwamba fomu imekwisha kusema yeye ni 'amateur', na 'amateur' akipokea hata senti moja si 'amateur' tena. Ombi likaanguka. Siku ya pili yake kipenga cha timu kililetwa ofisini ndani ya bahasha, bila barua.

Basi na tuanze mwanzo. Neno hili si la Kiingereza kwa asili. Waingereza walilipokea kutoka kwa Wafaransa mwishoni mwa karne ya 18, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, ambamo 'amare' ni kupenda, na 'amator' ni mwenye kupenda. Maana yake ya kwanza, basi, ni mpenzi wa jambo: mtu apendaye muziki, au picha, au nyota za mbinguni, akazishughulikia kwa sababu moyo wake umezielekea. Hapakuwa na habari ya fedha ndani ya neno hilo, wala hapakuwa na habari ya ujinga. Mpenzi wa muziki aweza kuupiga vibaya, lakini pia aweza kuupiga vizuri kuliko mwenye kulipwa.

Neno linalowekwa kinyume chake, yaani 'professional', nalo lina asili itakayowashangaza wengi. Sisi tuliosoma katika shule za misheni twakumbuka kwamba mtawa awekapo nadhiri zake mbele ya watu, tendo hilo huitwa kwa Kiingereza 'profession', yaani kukiri hadharani. Mtu wa kwanza kuitwa kwa jina hilo alikuwa mtawa, aliyeapa kuwa hatamiliki mali! Baadaye neno likaenda kwa wanasheria, waganga na walimu, waliokiri hadharani kazi waliyojifunza, na mwisho wake likawafikia wote wanaolipwa. Hivyo yale maneno mawili yalipoanza safari, moja lilihusu upendo na jingine lilihusu nadhiri. Fedha iliingia njiani.

Iliingiaje? Hapa hatuna budi kukaa kidogo, maana hapa ndipo ilipo asili ya jibu alilopewa mwalimu wetu.

Katika karne ya 19 Waingereza walianza kuunda vyama vya michezo na kuviandikia kanuni. Mabwana wenye mashamba na vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walipenda kukimbia, kupiga makasia na kucheza kriketi, lakini hawakupenda kushindwa na vibarua. Mwaka 1866 palianzishwa London chama cha riadha chenye neno 'amateur' katika jina lake, na kanuni zake za mwanzo hazikumkataa mwenye kupokea fedha peke yake. Zilimkataa pia fundi, mwenye kazi ya mikono, na kibarua, hata kama mtu huyo hajapata kupokea senti moja kwa kukimbia. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwenye kufanya kazi kwa mikono ana nguvu zaidi, na kwa hiyo mashindano hayatakuwa ya haki. Mwaka 1880 chama kipya cha riadha kiliiondoa kanuni hiyo, lakini wapiga makasia wa Henley, katika mto Thames, waliiandika upya mwaka 1879 na kuishika hadi karibu na Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1920 Mmarekani John Kelly, aliyekuwa amefanya kazi ya kuashi matofali mjini Philadelphia, alikataliwa kushindana huko Henley, na kazi yake ya mikono ni mojawapo ya sababu zilizotajwa. Mwaka huo huo alikwenda Antwerp katika Michezo ya Olimpiki akamshinda Mwingereza aliyekuwa ametwaa kombe la Henley. Mwanawe alikuja kulitwaa kombe lile lile mwaka 1947, na tena mwaka 1949.

Katika kriketi ubaguzi ulikuwa wa namna nyingine, na sisi makarani hatuwezi kuupita bila kuutaja. Wachezaji wa kulipwa na wasiolipwa walicheza timu moja, lakini walivaa nguo katika vyumba mbalimbali, na katika viwanja vikubwa waliingia kwa milango mbalimbali. Hata katika karatasi ya majina, asiyelipwa aliandikwa herufi zake za mwanzo kabla ya jina la ukoo, na mwenye kulipwa aliandikiwa herufi zake nyuma. Mtu aweza kufikiri ni jambo dogo, mpaka jina lake mwenyewe liandikwe hivyo. Desturi hiyo ilikoma mwaka 1962, ilipofutwa tofauti ya wachezaji hao, mwaka mmoja tu kabla ya Kenya kupata uhuru.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi ni cha mpira wa raga. Katika miji ya viwanda ya kaskazini ya Uingereza wachezaji wengi walikuwa wachimba makaa na wafanya kazi wa viwandani. Mechi zilichezwa Jumamosi, nao Jumamosi walitakiwa kazini. Kila aliyecheza alikatwa mshahara. Vilabu vyao viliomba ruhusa ya kuwalipa fidia ya muda uliopotea, isiyozidi shilingi 6 kwa siku. Wakuu wa mchezo huo kule London walikataa: fidia ni malipo, na malipo ni haramu kwa 'amateur'. Tarehe 29 Agosti 1895 vilabu vya kaskazini vilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield vikajitenga, na mchezo wa raga ukawa michezo miwili hata leo. Wale waliokataa shilingi 6 walikuja kuruhusu mishahara kamili mwaka 1995, baada ya miaka 100.

Tunaomba wazee walitafakari ombi la mwalimu wetu kando ya ombi la wachimba makaa wale. Kwa kadiri tuonavyo sisi, ni ombi moja.

Neno hili lilifika Kenya likiwa limekwisha kuzungushiwa ua. Mwaka 1951 iliundwa Kenya Amateur Athletic Association kusimamia riadha ya koloni. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1954, Nyandika Maiyoro wa Kisii alisafiri hadi Vancouver, Kanada, akawa wa nne katika mbio za maili tatu. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kushiriki Olimpiki, mjini Melbourne, akawa wa saba katika mita 5,000. Mjini Rome mwaka 1960 akawa wa sita. Mwaka 1964 Wilson Kiprugut alituletea medali ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, kutoka Tokyo. Mwaka 1968 mjini Mexico, Naftali Temu, Amos Biwott na Kipchoge Keino walitwaa dhahabu, na dunia ikageuka kuitazama Kenya.

Watu hawa wote walikuwa 'amateur' kwa sheria. Lakini hawakuwa na mashamba makubwa kama mabwana wa Oxford. Walikula nini? Wengi walikula mshahara wa serikali. Kiprugut na Temu walikuwa askari wa jeshi, Keino alikuwa polisi na mwalimu wa mazoezi katika chuo cha Kiganjo, Ben Jipcho alikuwa wa magereza. Sisi wakazi wa Isiolo hatuhitaji kuelezwa jambo hili, maana vikosi vya jeshi vi jirani zetu, na kila alfajiri twawaona askari wakikimbia kando ya barabara. Kwa jeshi kukimbia ni sehemu ya kazi, na kwa njia hiyo nchi yetu iliwalisha wanariadha wake bila kuuvunja ua wa Waingereza. Hatusemi kwamba ilikuwa hila. Twasema tu kwamba mtu hawezi kupenda mbio kwa tumbo tupu kwa miaka 10.

Ua ulipoguswa, uliuma. Mwaka 1972 palianzishwa Marekani chama cha mbio za kulipwa. Keino alijiunga nacho alipokuwa amemaliza Olimpiki mbili tukufu. Jipcho naye, aliyevunja rekodi ya dunia ya mbio za kuruka viunzi na maji mwaka 1973, alijiunga baada ya kutwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch mwaka 1974. Chama kile kilikufa mwaka 1976, na waliojiunga nacho walikuwa wamefungiwa mlango wa Olimpiki. Je, Keino aliacha kupenda siku alipolipwa? Ajibuye na atazame Eldoret, ambako yeye na mkewe waliwalea watoto yatima kwa miongo mingi nyumbani kwao, kazi ambayo hakuna aliyewaajiri kuifanya.

Mwisho wa ua wenyewe twaweza kuusimulia upesi. Mwaka 1982 chama cha riadha cha dunia kiliruhusu fedha za wanariadha ziwekwe katika akiba maalumu. Mwaka 1993 washindi wa dunia walipewa magari, na mwaka 1997 wakaanza kupewa fedha taslimu. Mwaka 2001 chama hicho kililiondoa neno 'amateur' katika jina lake, walilokuwa nalo tangu 1912. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 kila mshindi wa dhahabu ya riadha alipewa na chama hicho dola 50,000, na Wakenya Beatrice Chebet, Faith Kipyegon na Emmanuel Wanyonyi wakawamo. Wale waliobuni kanuni wameiacha, na sisi hapa Isiolo tumemhukumu mwalimu wetu kwayo.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, ambako kosa letu linaonekana wazi zaidi. Magazeti na redio zetu zina neno la siku nyingi kwa jambo hili. Husema ndondi za ridhaa na ndondi za kulipwa, mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa. Tulilijua neno hilo. Tulikuwa na haraka, basi.

Ridhaa imetoka Kiarabu, na jamaa zake tunao kila siku vinywani. Mtu huridhia jambo, yaani hulikubali kwa hiari yake. Huridhika, yaani moyo wake hutulia. Mtoto hutafuta radhi za wazazi wake. Aliyekosa humwambia mwenziwe amwie radhi. Wazee wetu Waislamu watamkapo majina ya Masahaba huongeza dua ya kuwaombea radhi za Mwenyezi Mungu, kwa neno la shina hili hili. Kwa maoni yetu neno hili limekaribia asili ya Kilatini kuliko Kiingereza cha leo kilivyobaki nayo. Kiingereza kimeshuka hata mtu akisema kazi fulani ni ya ki-'amateur' anaitukana, kwamba imelipuliwa. Ridhaa haijashuka hivyo. Tena neno lenyewe halitaji fedha popote. Lauliza swali moja tu, kama moyo wa mtu umekubali.

Bure ni neno lingine kabisa. Kitu cha bure hakina bei, ni kweli; lakini mtu hufa bure, husema maneno ya bure, na akiitwa mtu bure basi hana thamani. Kumwambia mzee neno hilo mbele ya watu, tena vijana wake wakimsikia, ni jambo ambalo hatulitetei.

Na lile la pili tuliloongeza, 'wasio na utaalamu', ni kosa kubwa zaidi, na tungepaswa kuwa wa mwisho kulisema katika wilaya hii. Ndugu zetu Waborana wanao wazee wa dedha, wanaoamua malisho ya kiangazi na malisho ya masika, nani ahamie wapi na lini. Wanaye aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha kisimani, ajuaye mifugo ya nani hunywa siku gani, na mgeni mwenye kiu apewe nafasi vipi bila kuivunja zamu. Hakuna aliyewaajiri kwa mshahara. Kiangazi kinapokaza, makosa yao ni vifo vya ng'ombe, na mara nyingine vifo vya watu. Anayedhani kwamba asiyelipwa hana utaalamu na aende kisimani akapange zamu siku moja.

Upande wa pili wa jambo hili nao tuuseme, kwa sababu wako wazee waliouliza baada ya mkutano kama Chama hakiwezi kuwalazimisha wanachama wote kufanya kazi bila malipo, ili asionewe mmoja. Nchi hii imekwisha kuonja hayo. Chini ya sheria za koloni machifu walikuwa na uwezo wa kuwaita watu katika kazi za kijumla bila ujira, na mwaka 1947 watu wa Murang'a walikataa kuendelea kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo kwa amri hiyo. Matuta yenyewe yalikuwa na faida; wakulima wengi waliyachimba wenyewe baada ya uhuru. Lililokosekana lilikuwa ridhaa. Kazi ile ilikuwa bila malipo kama ya mwalimu wetu, wala hakuna ambaye angeweza kuiita kazi ya upendo. Kwa hiyo kulipwa na kutolipwa hakutuonyeshi mpenzi ni nani.

Kamati imekwisha kukubali kifungu kipya kiletwe mbele ya Mkutano Mkuu ujao. Kitasema kwamba walimu, marefa na watumishi wote wa Chama wasio na mshahara wataitwa watumishi wa ridhaa. Kwamba nauli na chakula cha safari vitarudishwa kwa stakabadhi. Na kwamba mwenye kufunga kazi yake kwa safari ya Chama atapewa fidia ya siku hiyo kwa kadiri ya uwezo wa hazina. Mweka Hazina ametaka yale maneno ya mwisho yawemo, nasi twaona ana haki. Kiasi chenyewe kitaamuliwa na wanachama. Wanaopinga waje wapinge mkutanoni, wala si barazani.

Wiki iliyopita tulikwenda karakanani kwa mwalimu na kipenga chake mfukoni, tukamwomba atuwie radhi, tukamsomea kifungu hicho. Alisikiliza huku akifunga mnyororo wa pikipiki ya mtu. Alisema kifungu hakina neno, lakini katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano yeye angali ameandikwa mtu wa bure, na vijana wanajua kusoma. Akarudi kwenye mnyororo wake. Kumbukumbu zimesahihishwa kwa wino mwekundu, na zitathibitishwa na Mkutano kabla ya jambo lingine lolote kusomwa.